Hodi za Mzee Muhidini

"Hajazaliwa mtu wa kufika mlangoni pangu akakosa karibu," Adamu alipenda kusema, na akishasema hivyo huinua kidole juu kama shahidi anayeapa. "Aje mlevi, aje mgambo, aje mtu ana ugomvi na mkewe. Kwangu atapata Bwana asifiwe yake, na ataingia ndani anacheka."

Kusema kweli alikuwa na haki ya kujisifu kidogo. Katika lile kanisa la mabati pale Magomeni ya Bagamoyo, mchungaji alihubiri na kwaya iliimba, lakini wapo waliokuja kwa ajili ya Adamu. Siku za kazi aliuza misumari na saruji katika duka la watu, kanywea kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Jumapili, akishavaa shati jeupe na ule utepe wa zambarau ulioandikwa MKARIBISHAJI, meno yote yaliingia kazini. Alisimama getini na mwenzake Mina, binti mcheshi mwenye kicheko cha kuamsha popo, wakagawana waumini: wanaume kwa Adamu, wanawake kwa Mina, na watoto kwa atakayewahi.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina."

"Aa, hiyo Amina ya mgonjwa. Hujanywa chai, baba? Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Sasa hiyo ndiyo Amina ya mtu aliyefika kwao. Karibu sana, karibu, viti vya mbele havina miiba."

Ndiyo ilikuwa desturi yake. Salamu kwanza, Amina ifuate, na karibu ije mwisho, kama mnofu uliofichwa chini ya wali. Amina ikiwa nyembamba aliikataa akadai nyingine. Watu waliona ni mchezo mzuri, nao waliucheza. Mchungaji mwenyewe alisema madhabahuni kwamba mlango wa kanisa lake umepakwa asali. Adamu akasikia, na tangu siku hiyo akawa anaoga mara mbili Jumapili.

*

Jumapili moja, ibada imeshakolea na wachelewaji wote wamekwisha kutaniwa na kuingizwa, bajaji ilimshusha mzee mmoja ng'ambo ya barabara. Alikuwa amevaa kanzu iliyofuliwa mpaka nyuzi zikaanza kuonekana, na kofia ya kufuma, na vumbi jekundu la bara lilikuwa limempanda mpaka magotini. Alivuka taratibu. Alipolifikia geti hakuingia, ingawa lilikuwa wazi kabisa. Alisimama pembeni yake, uso kautazamisha barabarani, kama wasimamavyo watu waliolelewa kutochungulia nyumba za wenzao.

"Hodi hapa," akasema.

Adamu alimtambua kabla hata sauti haijaisha. Alimwona mara moja tu maishani, huko Miono, siku alipokwenda na mjomba wake kuposa. Walikaa barazani tangu asubuhi mpaka kivuli kikawahama, hodi zao zikaliwa na kuku, na hakuna aliyetoka kuwaambia karibu wala ondokeni. Mzee mwenye nyumba alipita mbele yao na jembe begani, akaenda shamba, akarudi, akapita tena. Ndiye huyu. Mzee Muhidini, baba yake Mardhiya, ambaye Adamu alimwoa hivyo hivyo bila posa kujibiwa. Mkwe wake, kama ukwe unaweza kuwako bila watu kusalimiana.

"Bwana Yesu asifiwe, mzee!" Adamu akasema, na meno yakatoka.

Mzee aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Mwanangu, namtafuta Mardhiya binti Muhidini. Nimeambiwa anasali hapa."

"Bwana Yesu asifiwe!" Adamu akarudia kwa nguvu zaidi, akamkonyeza Mina. "Kwetu hapa, mzee wangu, neno lolote lina njia yake. Kwanza Amina, mengine yatafuata."

Mina akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa sababu kila Jumapili walicheka hapo.

"Sikuja kwa maneno ya dini, kijana," mzee akasema. Alikuwa amechoka, na midomo ilimkauka. "Hodi. Nina neno la haraka. Nimetumwa na mama yake."

Nimetumwa na mama yake. Hapo meno ya Adamu yalibaki nje lakini mwenyewe hakuwa nyuma yake tena. Maneno hayo alikuwa akiyangoja tangu siku Mardhiya alipobatizwa akaitwa Sophia. Aliamini kabisa kwamba mama wa Miono hatumi mtu kusalimia. Anatuma mtu kuchukua chake. Akamwona mkewe amefunga khanga zake, mtoto wao Ishaka mgongoni, anapanda gari bila kugeuka. Akaiona na baraza ile ya Miono, na kivuli kinavyowahama.

"Hapa hatuna Mardhiya," akasema.

"Hamna?"

"Jina hilo hapa halipo, mzee. Uliza mtu yeyote."

Na angeuliza yeyote asingepata, kwa maana hapo wote walimjua Sophia, mama Ishaka, wa sauti ya kwanza. Mina naye alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli: hata yeye Mardhiya hakuwahi kumsikia.

Ndani kwaya ilisimama kuimba. Mzee aliinua kidole, akasikiliza. Uso ukamlegea.

"Ile sauti," akasema. "Ile inayopanda juu peke yake. Ile nimeilea mimi."

"Sauti za kwaya zote hufanana, babu," Adamu akasema. "Itika salamu, uingie ukajionee. Mbona kazi ndogo? Bwana Yesu asifiwe!"

Sasa ni hivi. Mzee Muhidini alikuwa hajui kusoma barua, lakini alifundishwa utotoni na baba yake jambo moja ambalo hakuwahi kulivunja: hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu usijibiwe karibu, nyumba si yako siku hiyo. Geuka urudi, wala usiwawekee wenyeji kinyongo. Ilikuwa imebaki moja. Akaivuta pumzi, akaisema kwa upole, karibu kwa kunong'ona, uso bado kautazamisha barabarani.

"Hodi."

"Bwana Yesu asifiwe!" Adamu akajibu, na Mina akamalizia "Halelu-ya!" kwa madoido.

Mzee akangoja. Kwaya ikamaliza beti, ikaanza nyingine. Kisha akasema, "Haya. Nawaaga," akageuka. Bajaji zilikuwapo, zikampigia honi, naye akazipita akaenda kwa miguu kuelekea stendi, kanzu ikimpepea kwenye visigino.

"Masikini babu wa watu," Mina akasema. "Mgumu kama pweza asiyepigwa! Lakini kaka Adamu, ungemkaribisha tu, akae hata kwenye benchi."

"Nimkaribishe mtu asiyeitika? Kwani yule hakusikia?"

"Ni nani kwani?"

"Mzee amepotea tu. Mji mkubwa huu." Akaurekebisha utepe wake begani. Alijihisi kama mtu aliyeshinda mchezo, ila hakuthubutu kutazama upande wa stendi.

*

Mchana Mardhiya alipakua wali na mchuzi wa nguru katika kile chumba chao cha kupanga, Ishaka akigaragara mkekani na kijiko cha mbao mdomoni. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida.

"Baba Ishaka, leo nimepata kioja. Nilipopandisha ile beti ya pili, nikahisi baba yupo."

"Baba yupi?"

"Ninao wangapi? Mzee Muhidini. Zamani nikisoma kwenye maulidi alikuwa anakaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Hapigi makofi, hasemi mashallah. Nikimaliza vizuri anakohoa, mara moja tu. Basi leo nimeimba, nikawa nangoja akohoe." Akacheka, akafuta jicho kwa kiganja. "Wazimu huo."

Adamu aliutafuna wali ambao ulikuwa umegeuka mchanga.

"Twende Miono," Mardhiya akasema. "Usinikate kauli. Twende hata wakitufukuza. Mimi sitafuti kukubaliwa dini yangu, nataka radhi ya mama yangu. Mwanamke akifa hajamtolea mtoto radhi, huyo mtoto atakwenda wapi? Kwa mchungaji? Mchungaji hakunizaa. Na huyu hapa anaota meno, bibi yake hamjui hata rangi."

"Tutakwenda. Mwezi ujao."

"Huo mwezi wako ujao, mume wangu, sijawahi kuuona ukifika."

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi. Mzee asingekuwa amefika mbali. Pengine alikuwa bado amekaa stendi anangoja gari la Msata lijae. Kuvaa kandambili na kukimbia tu. Adamu alifungua mdomo. Mkewe akamtazama, akangoja.

"Niongeze mchuzi," Adamu akasema.

*

Jumanne alasiri mtu alibisha. Safari hii Adamu aliruka kama kaungua. "Karibu! Karibu ndani, karibu!"

Alikuwa Twalib, mdogo wake Mardhiya, kijana mrefu aliyekuwa hajawahi kukanyaga pale. Alisimama kizingitini, viatu mkononi. Mardhiya alimrukia shingoni, akamnusa, akamrudisha nyuma kumtazama, akaanza maneno yake: umekonda, umeotaje ndevu, nani kakuelekeza, kaa basi. Twalib hakukaa.

"Dada," akasema. "Mama hatunaye. Tumemzika jana."

Mardhiya alikaa chini palepale aliposimama, kama nguo iliyoachiwa kutoka kwenye kamba. Ishaka alidhani ni mchezo, akatambaa kumwendea.

"Alipata kiharusi wiki iliyopita," Twalib akaendelea, akimwambia ukuta. "Upande mmoja wote. Lakini akili yake ilikuwa nzima, na ulimi ulimrudia kidogo. Ulipomrudia tu, akakutaja wewe. Namba yako tukawa tunapiga, haipatikani."

Haikupatikana kwa sababu Adamu ndiye aliyemshauri mkewe abadilishe laini, wakati mashangazi walipokuwa wakipiga kumtukana.

"Akamwambia baba, kamlete. Baba akasema nitume mtu. Mama akasema hapana, uende mwenyewe, wewe ndiye uliyemnunia. Basi Jumapili alfajiri baba akapanda pikipiki mpaka Mandera, akashika gari. Usiku akarudi. Mama akamuuliza, 'Yuko wapi?' Akasema, 'Sikumkuta.' Mama akamuuliza, 'Ulibisha?' Akasema, 'Nilibisha.'"

"Hakuacha neno?" Mardhiya akauliza. Sauti ilikuwa imemwisha, ile sauti ya kwanza ya kwaya. "Hakukwambia hata wewe? Hakusema nimemtolea radhi? Twalib, hata kwa kichwa? Hakutikisa hata kichwa?"

"Nilimwomba, dada. Nilimwambia, nipe mimi nitalifikisha. Akasema radhi si mzigo wa kupakiwa mgongoni mwa mtu. Anataka kuisema mwenyewe, na wewe usikie, na mkono wake uwe kichwani kwako. Asubuhi tukamkuta ameondoka."

Adamu alikuwa amesimama kati yao. "Mzee alipotea njia," akasema. "Mji wenyewe huu... vichochoro vyake... Na kanisa letu limejificha." Hakuna aliyemuuliza, ila yeye alijibu.

*

Walifika Miono giza halijaingia. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na shamba la muhogo, wanaume wamekaa kwenye mikeka upande huu, wanawake ndani na uani. Wanawake hawakumfukuza Mardhiya. Walimsogezea mkeka karibu na mlango wa nyuma, penye upepo wa jikoni, na shangazi yake mkubwa, Bi Shadya, akampa uji kwenye kikombe cha plastiki kilicho peke yake. Walipokuwa na neno kwake waliongea naye kupitia kwa mtoto aliyempakata. "Ishaka, mwambie mama yako kaburi liko kule nyuma ya mwembe sindano." Akaenda. Alilala kifudifudi juu ya udongo mbichi mpaka Twalib alipomwinua kwa kwapa.

Adamu alijikusanya kumkabili mkwe wake. Njiani kote alikuwa ameyapanga matusi ambayo angetukanwa, na akajikuta anayatamani. Mzee Muhidini alipomwona aliinuka mkekani, akaja mpaka mwisho wa turubai, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Karibu sana. Mpeni mkwe wangu maji, katoka mbali."

Akamkalisha ubavuni kwake. Hakumtazama kwa jicho la pembeni, hakuvuta pumzi ya ziada. Adamu akayanywa yale maji, na kila funda lilishuka kama jiwe la kisimani. Basi hatasema, akawaza. Mungu mkubwa, mzee hatasema. Na badala ya aibu, kitu kama nafuu kikaanza kumpanda, nacho kilipopanda kikafika kwenye ulimi, kama ilivyo kawaida ya vitu vyote vya Adamu.

Siku ya kuanua tanga, watu wakipata chai, jirani mmoja aitwaye Bwanausi aliuliza kwa nia njema kabisa: "Lakini Muhidini, ilikuwaje hata usimpate mtoto? Bagamoyo hapo?"

Mzee alikung'uta makombo kwenye kanzu. "Sikumkuta tu. Ndivyo ilivyoandikwa."

Angelinyamaza. Hata wewe ungemwambia anyamaze. Lakini wanaume wote walikuwa wanamtazama yeye sasa, na Adamu akitazamwa na watu wengi hujiona yuko getini.

"Inaniuma, wazee wangu," akasema. "Inaniuma kwa sababu mimi ndiye mkaribishaji pale. Kazi yangu ni kusimama mlangoni. Laiti baba angefika! Ningembeba mgongoni mpaka ndani. Mlangoni pangu hajawahi kufika mtu akakosa karibu."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Bwanausi akasema kijana ana adabu. Mzee Muhidini alikuwa anatazama chini, anahesabu tasbihi.

Ndipo gari la kanisa lilipoingia. Waumini walikuwa wamechangishana, wakaja na mchele na sukari kumpa pole dada yao Sophia. Walishuka kwa heshima, wanawake wamejitanda khanga vichwani, mchungaji mbele. Walipanga mstari kumpa mkono mfiwa. Mardhiya alikuwa ametoka jikoni na sinia la vikombe, na alipowaona wenzake wa kwaya akasimama nalo hapo hapo, macho yakamjaa.

Mina alikuwa wa nne kwenye mstari. Alipiga goti. "Shikamoo, babu. Pole sana na..." Akainua uso, akatazama, na kile kicheko chake kikamponyoka nusu kabla hajakibana kwa ncha ya khanga. "Ee! Si babu yetu wa Jumapili?"

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema upesi. "Umenifananisha. Pita, ukae. Karibu."

"Babu, mimi nikusahau? Kofia hii hii! Ulikuja pale getini kwetu unamtafuta..." Mina akageuka kumtafuta mwenzake, amefurahi kama mtu aliyeona ndugu ugenini. "Kaka Adamu, si huyu? Yule aliyekataa kuitika? Alikuwa anamtafuta nani vile... Mardhiya. Ukamwambia hapa hatuna Mardhiya."

Chini ya turubai anayemimina chai akakiinua kibirika. Mina aliangalia nyuso, moja baada ya nyingine. Aliona wanawake wa Miono wamesimama mlangoni, wote wamegeuka kumtazama Sophia.

"Dada Sophia," akasema. "Mardhiya ni nani?"

Mardhiya aliliweka sinia chini. Aliliweka kwa uangalifu, hakuna kikombe kilicholia. Hakumtazama mumewe.

"Mina, alipiga hodi ngapi?"

"Basi, mwanangu," Mzee Muhidini akasema. "Basi, yaache. Msiba una watu."

"Baba, namuuliza Mina. Ngapi?"

Mina alianza kulia. "Tatu. Ya mwisho aliisema pole pole, nikadhani anaomba dua."

"Na Baba Ishaka alijibu nini?"

Wazee wote, Bwanausi akiwa wa mbele, walikuwa wanamngoja Adamu, na mchungaji pia. Mina alimtazama Adamu, kana kwamba angependa kumsaidia na hajui pa kuanzia.

"Alijibu, dada," akasema. "Kila mara alijibu. Ila karibu hakusema."